Mkono wa Serikali katika Nchi ya Mahindi

Siku hizi neno utandawazi limo vinywani mwa watu wote, wasomi na wasio wasomi, na aghalabu hutajwa kana kwamba ni jambo lililoanguka kutoka mbinguni juzi tu. Husemwa kwamba dunia imekuwa soko moja, kwamba mipaka ya nchi imekwisha nguvu, na kwamba Serikali haina tena kazi katika mambo ya uchumi ila kuwapisha njia wafanya biashara. Wengine hushikilia kinyume cha hayo, wakasema kwamba Serikali ndiyo baba na ndiyo mama, na kwamba mkulima ambaye Serikali haikununua mahindi yake ameachwa yatima. Maneno hayo mawili hushindaniwa sana katika nchi ya Trans Nzoia na Bungoma. Mwanafunzi wa Matisi, pale pembezoni mwa mji wa Kitale, huyasikia nyumbani kabla ya kuyasikia darasani, kwa kuwa karo yake mara nyingi hutoka katika gunia la mahindi. Yafaa basi tuyapime kwa historia. Historia ya uchumi wa nchi hiyo si ndefu, nayo imekwisha kuonyesha kila namna ya Serikali: iliyotenda mengi, iliyowatendea wachache, na iliyojaribu kutotenda.

Tuanze na mahindi yenyewe, maana ni mgeni. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioyaeneza katika pwani za Afrika baada ya mwaka 1500. Jina lake la Kiswahili ni ushahidi wa kutosha kwamba wazee wetu waliyahesabu kuwa kitu kilichotoka ng'ambo ya bahari, ijapokuwa walielekeza kidole upande wa Bara Hindi. Katika miteremko ya Mlima Elgon wenyeji walilima wimbi na mtama muda mrefu kabla ya kuyajua. Hata rangi nyeupe ya mahindi yetu haikuchaguliwa na mpishi wa Kitale wala wa Bungoma. Masetla waliagiza mbegu nyeupe kutoka Afrika ya Kusini, na walipendelea weupe huo kwa sababu wenye viwanda vya wanga huko London waliupenda. Kwa hiyo mtu anayedharau sima ya mahindi ya njano, akidhani anatetea desturi ya babu zake, kwa kweli anatetea matakwa ya wanunuzi wa London wa miaka mia moja iliyopita. Soko la dunia lilikuwa limeingia jikoni mwetu kabla hatujalipa jina.

Nalo halikuingia peke yake. Liliongozwa na Serikali. Baada ya vita kuu vya kwanza, katika mwaka wa 1919, Serikali ya kikoloni iliweka mpango wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliomaliza vita, na sehemu kubwa ya Trans Nzoia ikakatwa mapande ya mashamba hayo. Wasabaoti na wenzao waliolisha ng'ombe katika nyanda hizo walisukumwa kando, au walibaki kama maskwota katika ardhi iliyokuwa malisho yao. Sheria ya mwaka 1937 ikazidi kuwabana maskwota, ikawahesabu kuwa vibarua tu wasio na haki yoyote ya ardhi walimokaa. Soko huria la ardhi, ambalo wachumi wengi hulisifu, halikuwako hapo hata siku moja. Palikuwa na Serikali iliyotwaa na Serikali iliyogawa.

Kisha ikaja reli. Garimoshi lilikuwa limefika Kisumu tangu mwaka 1901, na mizigo ya Uganda ilivuka Ziwa kwa meli. Ilipokusudiwa kuipeleka reli hadi Uganda yenyewe, njia mpya ilipitishwa Nakuru, ikapanda nyanda za Uasin Gishu, ikafika Eldoret mwaka 1924. Na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926. Haikuwa bahati kwamba reli ilipita katikati ya mashamba ya masetla. Katika mwaka wa 1922 kamati ya Serikali ilikuwa imeshauri kwamba mahindi yafanywe zao kubwa la kuuzwa nje, na reli ikayatoza nauli ndogo ili gunia la Kitale, ambalo lilisafiri zaidi ya kilomita 900 kufika Mombasa, liweze kushindana katika masoko ya Ulaya. Gharama ya nauli hiyo ndogo ilipaswa kulipwa na mtu fulani. Ililipwa na bidhaa nyingine zilizotozwa nauli kubwa, ambazo nyingi zilinunuliwa na Waafrika, wakati Waafrika hao hao walilipa kodi ya kibanda.

Masetla hawakukaa wakingoja. Mwaka 1923 waliunda Chama cha Wakulima wa Kenya, kilichojulikana kwa herufi KFA, ili wauze mahindi yao kwa sauti moja. Lakini ulipokuja mdororo mkuu wa uchumi wa dunia, ulioanzia Marekani mwaka 1929, bei za nafaka zilianguka kote duniani, na hapana chama kilichoweza kuzinyanyua. Ndipo Serikali ilipoanzisha Benki ya Ardhi mwaka 1931 ili kuwakopesha wakulima wa Kizungu, na wengi wakaokoka kufilisika kwa mikopo hiyo na kwa misamaha ya kila namna. Wakati huo huo, kusini yake, katika nchi ya Wabukusu kuzunguka Kimilili, wakulima Waafrika walinunua plau za kukokotwa na maksai, wakalima mahindi ya kuuza bila benki yoyote. Mtu akikuambia kwamba mkulima wa Kizungu aliendelea kwa juhudi yake tu, na mkulima Mwafrika alihitaji kusukumwa, mwombe akueleze habari za miaka hiyo.

Vita vya pili vilileta jambo jipya. Mwaka 1942 Serikali ilishika biashara yote ya mahindi: ikaamua nani anunue, nani auze, na kwa bei gani. Mkulima wa Kizungu aliahidiwa bei nzuri, na hata malipo ya kiasi fulani kwa kila ekari mazao yakiharibika. Mkulima Mwafrika alipewa bei iliyo chini. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi. Moja ilikuwa kwamba akilipwa vizuri atalima kupita kiasi na kuichosha ardhi. Ni hoja ya ajabu, maana haikusemwa kamwe juu ya ardhi ya setla aliyelima mahindi juu ya mahindi mwaka baada ya mwaka. Tena katika bei hiyo ndogo zilikatwa kodi za kuendesha halmashauri za wilaya na mifuko ya kuboresha kilimo. Na pamoja na mamlaka yote hayo, njaa iliikumba nchi mwaka 1943, kiasi cha kuundwa tume ya kuchunguza upungufu wa chakula. Hivi ndivyo ulivyozaliwa utaratibu wa bodi za mahindi, na ingawa majina yake yalibadilika mara nyingi, mwili wake uliishi nusu karne.

Nataka sasa kukaa kidogo juu ya habari ya mbegu, kwa sababu ni habari njema kuliko zote katika historia hii, na kwa sababu wanafunzi wa mji wa Kitale hupita karibu na mahali ilipotendeka bila kujua.

Katika mwaka wa 1955 Serikali ilianzisha huko Kitale kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi, chini ya mtaalamu aliyeitwa Michael Harrison. Mwaka uliofuata, 1956, wakulima wa hapo waliunda Kampuni ya Mbegu ya Kenya. Kazi yake ya kwanza haikuwa mahindi bali mbegu za majani ya malisho. Harrison na wenzake walikusanya mahindi yaliyokuwa yakilimwa nchini, wakayachuja kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1961 wakatoa aina iliyoitwa Kitale Synthetic II. Ilikuwa nzuri, lakini iliwaonyesha pia kikomo chao. Mahindi yote ya Kenya yalikuwa ndugu wa karibu, na ndugu wa karibu wakioana nguvu haizidi. Harrison alikuwa amekwisha kusafiri hadi Amerika ya Kati na ya Kusini kutafuta damu mpya, akarudi na mifuko ya mbegu za nchi hizo. Miongoni mwake ilikuwamo moja iliyoandikwa Ecuador 573, iliyotoka katika milima mirefu kama yetu. Ilipopandwa peke yake hapa haikuwa kitu cha kujivunia. Ilipochanganywa na Kitale Synthetic II ilizaa mahindi yaliyozidi mzazi wake wa Kitale kwa sehemu 40 hivi katika 100. Mbegu hiyo ilitolewa kwa wakulima mwaka 1964 kwa jina la H611, nayo ikafungua njia kwa nyingine nyingi za namba ya mia sita zinazojulikana hata leo.

Mbegu chotara, mwanafunzi ajue, ina tabia moja inayobadili mambo yote ya biashara yake. Kizazi cha kwanza kina nguvu nyingi. Lakini ukiweka punje za mavuno yako uzipande mwaka ujao, nguvu hupungua. Mkulima hawezi tena kuchagua masuke mazuri na kuyatundika juu ya moto wa jikoni kama alivyofanya mama yake. Hana budi kununua mbegu kila mwaka, na kwa hiyo hana budi kumwamini mwenye kuuza. Hapo palihitajika mambo matatu: uchunguzi wa miaka mingi usio na faida ya upesi, ukaguzi wa kuhakikisha kwamba kilichomo mfukoni ndicho kilichoandikwa nje, na maduka ya kuifikisha mbegu hadi vijijini. La kwanza na la pili lilitendwa na Serikali. La tatu lilitendwa na kampuni ile, kwa kuwatumia wenye maduka madogo madogo ya kila soko, yule yule auzaye chumvi na mafuta ya taa. Baadaye Serikali, kwa njia ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ikawa mwenye hisa nyingi katika kampuni.

Matokeo yake yaliwashangaza wataalamu. Kabla ya miaka kumi kwisha, wakulima walio wengi wa Trans Nzoia na Bungoma, wadogo kwa wakubwa, walikuwa wakipanda mbegu chotara; na wachunguzi walipolinganisha, waliona kwamba ilienea hapa upesi kuliko ilivyoenea huko Iowa, Marekani, katika miaka ya 1930. Hawakulazimishwa. Waliona shamba la jirani.

Tazama basi ni mikono mingapi ilishika mbegu hiyo. Mzazi mmoja alitoka Ecuador, mwingine alilelewa Kitale, mtaalamu alikuwa Mwingereza, sehemu ya fedha za safari ilitoka katika wakfu wa Rockefeller wa Marekani, na duka lilikuwa la Mwafrika au Mhindi sokoni. Utandawazi wa kweli ndio huo. Lakini ondoa Serikali iliyolipa mishahara ya kituo kwa miaka tisa kabla ya gunia moja la H611 kuuzwa, na mikono mingine yote ingekosa kitu cha kushika. Hapana mfanya biashara wa Kitale ambaye angengoja miaka tisa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Serikali mpya haikuvunja mitambo ya zamani, iliirithi. Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, uliyanunua mashamba ya masetla kwa fedha za mkopo na kuyagawa. Waliofaidika walikuwa wakulima wengi wadogo, na walikuwa pia wakubwa wachache wenye vyeo; maskwota wengi wa zamani walibaki wakitazama. Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoundwa mwaka 1965, likachukua baadhi ya mashamba makubwa ya Trans Nzoia yawe ya mbegu na mifugo. Mwaka huo huo Serikali ilichapisha Waraka wa Bunge Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ulioahidi kwamba dola itaongoza mipango ya uchumi. Maskini waraka, mvua haikuusoma. Mahindi yalipungua sana mwaka 1965, yakaagizwa ya njano kutoka Marekani, na mwaka 1966 ikaundwa tume kuchunguza jinsi bodi ilivyokuwa ikifanya kazi. Bodi ilikuwa na mamlaka ya kuzuia mtu asivushe magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, lakini haikuwa na uwezo wa kuhakikisha kwamba chakula kipo pale palipo na njaa. Vizuizi vya barabarani viliwatajirisha waliovisimamia kuliko waliolindwa navyo.

Kizazi hicho hakikutosheka na mahindi. Serikali ilitaka viwanda, na katika mkoa wa Magharibi ilivijenga. Mahali palipoitwa Broderick Falls, ambapo leo ni Webuye, palianzishwa mwaka 1969 kampuni ya karatasi, Pan African Paper Mills; wenye hisa walikuwa Serikali ya Kenya, kampuni ya Kihindi ya Orient Paper, na tawi la Benki ya Dunia likopeshalo makampuni. Karatasi ya kwanza ilitoka mwaka 1974. Mto Nzoia ulitoa maji, misitu ya miti iliyopandwa kuelekea Turbo ilitoa magogo, na mji mzima ukasimama kwa mshahara wa kiwanda hicho. Harufu yake iliwafikia wasafiri kabla ya mji kuonekana, na mto ulibeba uchafu wake. Watu wa Webuye walivumilia yote mawili, kwa kuwa harufu hiyo ilikuwa harufu ya kazi. Karibu na Bungoma ikaundwa Kampuni ya Sukari ya Nzoia mwaka 1975, nayo ikaanza kusaga miwa mwaka 1978.

Hapa namwomba msomaji avuke bahari kidogo. Huko Korea ya Kusini, nchi iliyokuwa maskini sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, Serikali iliazimia kujenga kiwanda cha chuma mahali paitwapo Pohang. Kampuni iliundwa mwaka 1968. Benki ya Dunia haikukubali kwamba mradi huo ungeleta faida, na fedha zikatafutwa kwingine, hasa Japani. Chuma kilianza kutoka mwaka 1973, yaani mwaka mmoja kabla ya karatasi ya Webuye. Pohang ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za chuma duniani. Webuye ilizimwa mwaka 2009, imelemewa na madeni, pamoja na deni la umeme. Ilifufuliwa kidogo, ikafa tena, na mwaka 2016 ikauzwa kwa kampuni binafsi kwa bei ndogo mno ukilinganisha na iliyotumika kuijenga.

Viwanda vyote viwili vilikuwa watoto wa Serikali. Kwa nini mmoja alikua na mwingine akadumaa? Wako watakaojibu kwa neno moja, ufisadi, nami sikatai kwamba ulikuwako. Lakini Korea nayo iliujua ufisadi. Jibu langu ni jingine. Serikali ya Korea iliwapa wenye viwanda mikopo na ulinzi, kisha ikawadai: uza nje kiasi hiki kufikia mwaka huu, au msaada utakoma. Mtoto alibebwa, lakini alijua siku atakayoshushwa. Kiwanda cha Webuye kililindwa kwa ushuru wa forodha na kuuza karatasi yake kwa Wakenya ambao hawakuwa na pa kwenda, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyekidai kufikia bei ya dunia. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, karatasi ya ng'ambo ilikikuta na mitambo iliyozeeka na gharama kubwa. Kosa basi halikuwa kwamba Serikali ilijenga. Ilijenga, ikalinda, ikasahau kudai.

Milango hiyo ilifunguliwaje? Bei ya mafuta ilipanda kwa ghafula mwaka 1973 na tena mwaka 1979, bei ya kahawa ikashuka baada ya neema ya mwaka 1977, na Kenya ikajikuta inadaiwa. Mwaka 1980 ilichukua kutoka Benki ya Dunia mkopo wa kwanza wa marekebisho ya uchumi. Mikopo hiyo ilikuja na masharti: punguza ushuru, punguza watumishi, acha bei zijipange zenyewe, ondoa bodi katika biashara ya nafaka. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, iliyoundwa mwaka 1979 kwa kuunganisha bodi ya mahindi na ya ngano, ilikuwa bado changa ilipoambiwa ijipunguze. Serikali ilikubali kwa maneno na kukawia kwa vitendo kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka wafadhili wakazuia fedha. Na mwisho wa mwaka 1993 vizuizi vya kusafirisha mahindi vikaondolewa.

Sitaki mwanafunzi afikiri kwamba mageuzi hayo yalikuwa hasara tupu, kama isemwavyo mara nyingi huku kwetu. Mwanamke wa mjini aliweza sasa kununua mahindi sokoni na kuyasagisha kwenye mashine ya jirani, badala ya kutegemea unga wa pakiti kutoka kwa wasagaji wakubwa wachache. Biashara ya mbolea ilipofunguliwa, maduka yake yalisogea karibu na vijiji, na wakulima wadogo wakaitumia zaidi kuliko zamani. Lakini mkulima wa Trans Nzoia alipoteza kitu kimoja kikubwa, nacho ni kujua bei kabla ya kupanda. Halafu jirani zake waliongezeka. Eneo la biashara huria la COMESA lilianza mwaka 2000, na umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukaanza mwaka 2005. Mahindi ya Uganda, yanayovunwa mara mbili kwa mwaka na kwa gharama ndogo, yakapita Malaba, Busia na Suam bila ushuru, huku yale ya kutoka nje ya jumuiya yakitozwa nusu ya thamani yake. Sukari nayo ingepita hivyo hivyo, lau kwamba Kenya haikuomba muda wa kujitayarisha. Muda huo uliongezwa, ukaongezwa tena, na ukaongezwa tena, kwa zaidi ya miaka ishirini. Nzoia haikujitayarisha. Mwaka 2025 Serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne vya sukari, pamoja na cha Nzoia, kwa makampuni binafsi kwa muda wa miaka 30.

Mwaka wa 2017 ulionyesha ugumu wa mambo haya kuliko maelezo yangu. Ukame ulipandisha bei ya unga, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Serikali iliruhusu mahindi yaingie bila ushuru, ikawalipa wasagaji fidia ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa shilingi 90. Meli ilifika Mombasa na mahindi meupe kutoka Mexico, nchi ambako mahindi yalizaliwa. Mgeni wetu wa miaka mia tano alikuwa ameenda kuitwa tena. Mama wa mjini alishukuru. Lakini msimu ulipogeuka, maghala ya bodi yalijazwa na wafanya biashara waliopata njia ya mkato, na mwaka 2018 wakulima wa Kitale na Eldoret walilala na malori yao nje ya malango, au walipokewa mahindi na kungoja malipo kwa miezi. Mkono ule ule uliomsaidia mlaji ulimpiga mkulima, na ulikuwa wa Serikali moja.

Mambo ya mbolea nayo yamekuwa hivyo. Vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilipandisha bei yake kila mahali, na mkulima wa Matisi ambaye hajapata kuiona bahari alilipa gharama ya vita vya watu asiowajua. Serikali ilitoa ruzuku. Mfuko ukauzwa kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 kwa shilingi 2,500. Hilo lilikuwa jambo la kusifiwa. Lakini mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika maghala ya Serikali haikuwa na ubora uliostahili. Kumbuka kituo cha Kitale cha mwaka 1955: kazi iliyofanya mbegu iaminiwe ilikuwa kukagua kilichomo ndani ya mfuko. Ruzuku huonekana na kupigwa picha. Ukaguzi haupigwi picha.

Tangu mwaka 2013, kwa Katiba ya mwaka 2010, kilimo kimekuwa kazi ya serikali za kaunti, na swali letu limehamia karibu na nyumbani. Wala si lazima lihusu viwanda vikubwa. Chukua jambo dogo kama unyevu. Bodi haipokei mahindi yenye unyevu uzidio sehemu 13.5 katika 100, na kwa haki, kwa maana mahindi mabichi huota ukungu wenye sumu. Kwa sababu ya sumu hiyo Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku chache mwezi wa Machi mwaka 2021. Lakini mvua za Kitale haziishi mavuno yanapoanza. Mkulima mwenye turubai moja huanika asubuhi na kuanua mchana, mawingu yakitanda kutoka Elgon, na dalali amesimama mlangoni na mizani yake, tayari kuyanunua yakiwa mabichi kwa bei aipendayo, akijua kwamba shule zitafunguliwa Januari. Mashine ya kukausha nafaka ni ghali kwa mtu mmoja, na kwa kijiji kizima si ghali. Katika mwaka wa 2023 Serikali ilianza kuleta mashine za namna hiyo, zinazoweza kuvutwa kutoka mahali hadi mahali, na kuziweka kwenye maghala ya bodi katika nchi ya nafaka. Mahali zinapofanya kazi, mkulima hulipa ada yake, hungoja zamu, na kuondoka na magunia ambayo anaweza kuyauza siku hiyo, au kuyaweka mpaka Machi, bei inapopanda.